Herufi Moja Ubavuni mwa Kapasita

Mgeni rasmi, Mkurugenzi Mkuu wa kampuni yetu. Meneja wa kiwanda. Mabibi na mabwana:

UKARIBISHO
Sisi mafundi wa kiwanda cha amplifaya tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Kwa sababu ya ujio wako kuta zimepakwa rangi, choo cha wanawake kimepata mlango, na sisi tumevishwa makoti meupe tuliyoambiwa tuyarudishe saa kumi. Tafadhali uje mara kwa mara.

HISTORIA
Kwa miaka kumi na mmoja kila amplifaya yetu ilifungwa kapasita mbili za kuzuia makelele ya umeme yasiingie kwenye spika. Moja hukaa kati ya nyaya mbili za umeme, nayo huandikwa X. Nyingine hukaa kati ya umeme na kasha la chuma, nayo huandikwa Y. Herufi hii ya Y si pambo. Inaonyesha kwamba kapasita imetengenezwa ili hata ikifa isipitishe umeme kwenda kwenye kasha, mahali pa mikono ya watu.

MAFANIKIO
Mwaka huu tumepata Afisa Ununuzi mpya, shemeji yake meneja. Humu ndani hata sisi tunamwita Shemeji, ingawa hatujaoa kwao. Shemeji alituletea kapasita za kawaida, rangi ileile, ukubwa uleule, ila herufi hazina. Tulipouliza, alitueleza polepole, kama watu wanaoumwa, kwamba hizi zimeandikwa volti mia nne, umeme wa ukutani ni mia mbili na arobaini, na mia nne ni kubwa zaidi. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa, tunampongeza. Bahati mbaya umeme haukusoma naye. Radi ikipiga hata mbali, waya huohuo hupitisha maelfu ya volti kufumba na kufumbua.

CHANGAMOTO
Mpimaji wetu, tunayemwita Dada Mita, alizijaribu kumi kwa mshtuko wa namna hiyo. Nne zilikufa kimyakimya, na amplifaya zikaendelea kuimba vizuri huku makasha yake yakiwa na umeme kamili. Akamwita meneja aone. Meneja akaamuru mita ibadilishwe. Ikabadilishwa, nayo mpya ikasema yaleyale.

Ndipo Dada Mita akamwambia, "Bosi, hizi zinaenda shuleni. Mtoto akishika hapa, muhuri wa ukaguzi ni wangu. Sigongi."

Tangu Jumanne Dada Mita amehamishiwa kufunga maboksi, na muhuri anao Shemeji. Siku hiyo sisi wengine tuliinamisha vichwa, na tunaona aibu.

MAOMBI
Baada ya risala hii utawasha amplifaya yenye utepe mbele ya wapiga picha. Iwashe bila wasiwasi. Jana meneja mwenyewe alituagiza tuifungue, tutoe kapasita ya Shemeji na kuweka yenye Y. Tulipekua mabaki ya zamani tukapata moja. Alisema, "Hiyo ataigusa mkubwa."

Nyingine mia tatu na kumi na tisa zinapakiwa Jumatatu. Tunaomba nazo zifunguliwe kama hiyo yako, na Dada Mita arudishiwe muhuri wake.

Mungu akulinde, mgeni rasmi, na awalinde wasio na mtu wa kuwabadilishia kapasita.

Ni sisi, mafundi wa meza za kuunganishia, pamoja na mfunga maboksi mmoja.