Moshi wa Karakana na Miaka ya Dismasi Ntakije

Tarehe 30 Juni 2025, Bw. Dismasi Ntakije, fundi umeme wa karakana yetu hapa Gungu, anakabidhi funguo baada ya kututumikia miaka thelathini na mmoja na miezi kumi. Aliingia Septemba 1993, kijana wa miaka ishirini na minane kutoka Kalinzi. Anaondoka akiwa na sitini.

Wengi mnamjua kwa “Mwakeye” yake ya asubuhi, salamu ambayo humpa kila mtu, ajuaye Kiha na asiyejua. Mnajua pia habari za koleo lake, ambalo limetangazwa kupotea mara tatu na mara zote tatu likakutwa mfukoni mwake. Lakini wenzangu waliponiomba mimi Catherine, mtunza stoo, niandike wasifu huu, walitaka nieleze kazi moja hasa: ile ya moshi.

Karakana yetu huchomelea mageti, matangi ya maji na vyuma vya boti za ziwani zinazotia nanga Katonga. Zamani moshi wa kuchomelea ulikuwa ukijaa chini ya bati hadi taa zikaonekana njano. Meshack, mchomeleaji hodari aliyekuwa rafiki wa Dismasi tangu siku ya kwanza, alianza kukohoa mwaka 2014. Miaka mitatu baadaye daktari alimwambia achague kazi au kifua. Akarudi nyumbani Ujiji. Kila Jumapili baada ya misa Dismasi alipanda bodaboda kwenda kumjulia hali, na Jumatatu alikwenda ofisini kwa mkurugenzi wetu, Bi. Zaitun, kuomba jambo lilelile: mashine ya kuondoa moshi.

Machi 2019 ombi likakubaliwa. Kisafisha hewa cha umeme kilichotumika kiwandani Dar es Salaam kililetwa kwa treni, ndani ya kreti la mbao. Ni sanduku la chuma la kilo tisini linaloning’inizwa darini. Feni yake huvuta hewa chafu, umeme hunasisha vumbi la moshi kwenye sahani nyembamba za alumini, na hewa safi hutokea upande wa pili.

Sote tulidhani kingewashwa siku ileile. Dismasi alipanda ngazi, akachomeka bisbisi kwenye kenchi ya mbao iliyobeba paa, ikazama hadi kwenye mpini. Mchwa walikuwa wameila kwa ndani. Akakataa kutundika chochote hadi mafundi wachomelee mhimili wa chuma kutoka ukuta hadi ukuta. Siku ya tisa Bi. Zaitun alikuja mwenyewe.

“Dismasi, umeniomba mashine hii miaka miwili. Leo imekaa sakafuni, unaiogopa?”

“Siiogopi, Mama. Namfikiria atakayekuwa amesimama chini yake.”

Bi. Zaitun aliitazama ile kenchi, kisha akaniagiza nitoe vyuma stoo. Siku ya kumi na moja mashine ilining’inia kwenye minyororo minne, imekaa sawa kwa pima maji.

Asubuhi hiyo tuliona moshi ukivutwa kama uzi. Baada ya saa nane mchana ukaturudia machoni. Wiki mbili hali ikawa hivyo, na maneno yakaanza kwamba tumenunua chuma chakavu. Dismasi hakula chakula cha mchana siku tatu. Alikaa kwenye kiti katikati ya karakana, ameshika kipande cha uzi wa nailoni na kutazama unakopeperukia. Siku ya nne alituita sote.

“Kosa ni langu. Nilipima asubuhi. Mchana upepo wa ziwa unaingia kwa mlango mkubwa, unagongana na hewa ya mashine, moshi unarudi kwenu. Naishusha.”

Hakuna aliyekuwa amemlaumu yeye. Tulikuwa tunailaumu mashine. Aliishusha, akaitundika tena mbali na ukuta, akaigeuza isukume hewa kule unakoelekea upepo. Tangu hapo taa zetu ni nyeupe mpaka jioni.

Wiki iliyofuata alimleta Meshack. Alikuja na fimbo, akasimama katikati ya wachomeleaji wanne waliokuwa kazini, akavuta pumzi taratibu. Hakukohoa. Alishika bega la Dismasi na kusema, “Hapa ningefika sitini kazini.” Dismasi alitoka nje, akakaa muda mrefu nyuma ya matangi. Meshack alifariki Februari 2021, na Dismasi alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Kila Jumamosi kwa miaka sita ameziosha sahani zile za mashine mwenyewe. Huzima swichi kuu, hutia kufuli, husubiri dakika kumi umeme uliobaki ndani uishe, ndipo hufungua mlango wa sanduku. Hazirudishi mpaka zikauke kabisa. Happiness, mchomeleaji wetu aliyejifunza kazi hiyo kwake, aliwahi kunyoosha mkono dakika ya tatu. Dismasi alimshika kifundo cha mkono, akamkalisha kitini, wakasubiri dakika saba zilizobaki. Jumamosi iliyopita Happiness alifanya kazi yote peke yake. Mzee alikuwa nje akinywa chai, hakuingia kukagua.

Nilimuuliza angependa niandike nini. Alifikiri, akasema: “Andika kwamba tangu tulipoigeuza mashine, hakuna mtu aliyeacha kazi hapa kwa sababu ya kifua.” Nimepitia daftari la wafanyakazi, jina kwa jina. Ni kweli.

Mzee Dismasi, tunakushukuru wewe, na tunamshukuru mama Agnesi, mkeo, aliyekuvumilia ukirudi nyumbani na masizi. Mnaporudi Kalinzi kwenye shamba lenu la kahawa, Mungu awape afya, mvua za wakati na wajukuu wasiochoka kuwatembelea. Maisha mema yawe yenu.