Mzee Theodory na Mkonga Uliokula Oili

Tarehe 30 Juni Mzee Theodory Mwegoha anakabidhi ufunguo wa gari la huduma ya mkoba la kituo chetu cha afya hapa Kilosa, baada ya miaka ishirini na nane ya kazi. Wengi wetu tulimkuta, na wapo waliodhani watastaafu wao wamwache.

Alitokea Munisagara akiwa kijana mwembamba, akakabidhiwa Land Cruiser mkonga, ile yenye bomba la hewa linalopanda ubavuni kama mkonga wa tembo, ambayo tayari ilikuwa imetumika sana. Ameivusha kwenye matope ya Kimamba ikiwa imebeba chanjo, mizani ya watoto, na mara moja beberu aliyetolewa zawadi na wanakijiji, ambaye alikula kofia ya daktari njiani. Sifa kubwa ya Mzee ilikuwa kumwaga oili, yaani kubadilisha oili ya injini kwa tarehe yake. Tarehe ikifika, hata mganga mkuu alisubiri mpaka gari litoke kwa fundi Ashrafu.

Ndiyo maana lililotupata kwenye barabara ya Mikumi lilitushtua hivyo. Nilikuwemo kama muuguzi wa zamu.

Tulikuwa kliniki kwenye kijiji cha Ulaya, hapa hapa Kilosa, alipoletwa Salome, mama mwenye uchungu uliokwama. Tukampakia pamoja na mama mkwe wake kuelekea hospitali Mikumi. Katikati ya pori taa nyekundu ya oili ikawaka. Mzee Theodory akazima injini papo hapo, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia. Kikavu! Akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena. Kikavu vilevile. 

“Lakini nimemwaga juzi tu,” alisema. “Imekwenda wapi?”

Chini ya gari hapakuwa na hata tone. Injini ilikuwa imeila yote.

Akamsimamisha kijana wa bodaboda, akamtuma Ulaya akanunue oili. Tukingoja, mtoto akaamua kutongoja. Mama mkwe wa Salome alitandika kanga, mimi nikapiga magoti, Mzee akatugeuzia mgongo, akisali kwa sauti mpaka kichanga kikalia. Furaha ikakatika palepale: Salome alikuwa anavuja damu, na haikukata.

“Mzee Theo, tunampoteza!” nilipiga kelele.

Bodaboda ikafika. Alimimina chupa zote kwa haraka, oili nyingine ikimchuruzikia kwenye viatu. Injini ikawaka, taa ikazimika. Mikumi walitupokea mlangoni. Daktari aliniambia tungechelewa kidogo tu angepokea maiti. Salome alipona, na binti yake sasa anasoma darasa la pili.

Mshtuko wa pili ulikuwa kikaoni. Uongozi ulikwisha kuamua kumwachisha kazi fundi Ashrafu, kwa kudhani hakuweka oili ya kutosha. Mzee Theodory akasimama.

“Ashrafu hana kosa. Aliniambia injini imechoka, inakula oili, nichungulie kijiti kila asubuhi. Moshi wa bluu, dalili ya oili kuungua, niliuona. Nikajidanganya kwamba nikimwaga kwa tarehe inatosha. Kosa ni langu.”

 Hakuna aliyemuuliza, na angeweza kunyamaza, akaondoka salama. Aliondolewa kwenye usukani, akapewa kazi ya kuosha magari, akaifanya bila kununa, wakati Ashrafu akibadilisha ringi za pistoni na sili za valvu, vipuri vilivyochakaa vikaacha oili iungue ndani ya injini.

Aliporudishiwa ufunguo alikuwa dereva mwingine. Kabla ya kuwasha gari alipima oili, akaongeza pungufu, akachungulia rangi ya moshi. Madereva wa Magomeni ya hapa Kilosa wenye magari ya zamani walianza kumcheka, kisha wakaanza kumwiga. Wapo waliogundua magari yao yalikuwa hatua moja tu kabla ya injini kunoki, yaani kukwama na kufa. Mmoja alikaa chini pale pale kwenye vumbi, ameshika kijiti kikavu.

Mzee anarudi Munisagara kulima mahindi na kupumzika na mkewe, Mama Hildegarda. Asante kwa kutufikisha, asante pia kwa siku ile uliyosimama kikaoni wakati kila mtu alikuwa tayari kumtoa kafara mwenzako. Mungu akupe afya, mvua ya kutosha na usingizi mzito. Uishi vema, baba yetu.

Irine Chibago, muuguzi, kwa niaba ya wafanyakazi