Nyaya Zisizo na Majina

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kunyolea, limeegemea ukuta, na mguu wake mmoja tumeuwekea kipande cha tofali. Jioni wanakaa watu walewale. Kuna Hakimu, mtunza stoo mstaafu, ambaye mahakamani hajaingia hata kama shahidi ila hakuna neno litakalopita asilitolee hukumu. Kuna Nesi, mwanamume mpole anayepita akitoka zamu hospitalini, saa yake ikiwa bado inaning'inia kifuani. Na kuna Rubani, fundi makochi wa jirani, ambaye ndege ya abiria anaiona angani tu kama sisi, lakini anaunda za kwake, za mbao nyepesi na kitambaa, za kurushwa kwa rimoti. Mama Kahawa hutukalia mbele kwenye kigoda chake, jiko pembeni, mguu mmoja ameunyoosha kwa sababu goti lake halikunji.

Siku hiyo Rubani alikuja na ndege kubwa kuliko zote alizowahi kuunda. Alikuwa amebadilisha kipokezi chake, kile kidude cha ndani kinachosikia amri za rimoti, kwa sababu cha zamani kilishika unyevu. Akamlazia Hakimu ndege mapajani, tumbo juu, pua ikitazama barabarani, akafungua kifuniko ili tuone kazi. Ndani mlikuwa kama utumbo wa mbuzi. Nyaya nyembamba, zote rangi zilezile, zimekusanywa pamoja na zile nene za betri, fundo moja, tepu nyeusi juu.

Nesi aliinama akachungulia, akauliza mbona hazina vibandiko. Wodini kwao, alisema, kila mrija una kikaratasi chake, maana mrija wa kwenda tumboni na wa kwenda kwenye mshipa wa damu hufanana, na ukikosea hakuna wa kumwomba radhi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Na waya mgeni vivyo hivyo, ufunge kikaratasi, uandike mkia, bawa, mota.

Rubani alicheka, akasema anazijua zote kama vidole vyake.

Hakimu hakungoja aulizwe. Damu nzito kuliko maji, alisema, nyaya za ndege moja ni ndugu, haziwezi kupotezana. Tena vikaratasi vina uzito, na ndege ikizidiwa uzito upande mmoja inaruka kama kaa. Nesi alipomwambia kikaratasi hakifikii hata uzito wa nzi, Hakimu akapanda juu zaidi. Alidai kitu ukikipa jina kinaanza kuitika. Waya ulioandikwa mota utawaka kwa kila rimoti ya mtaani, hata ya geti la tajiri. Mficha uchi hazai, alimalizia, na hakuna aliyeelewa uchi umeingiaje. Mama Kahawa alicheka mpaka kikombe kikamtikisika mkononi. Nami nilicheka.

Wakati tunacheka, Rubani alikuwa ameshachomeka betri. Alitaka tu kumwonyesha Nesi mkia unavyocheza. Rimoti yake ina vijiti viwili, cha kushoto kwa ajili ya mota inayozungusha pangaboi la puani na cha kulia kwa ajili ya mkia. Akakivuta cha kulia chini. Mkia haukusogea. Ndege ikatoa mlio mdogo, tii, kama simu inayoishiwa chaji. Rubani akakunja uso, akakiachia kijiti, nacho kwa springi yake kikarudi katikati.

Pangaboi likawaka.

Wasiowahi kulisikia karibu hawajui sauti ile. Si mvumo wa feni. Ni kama kitambaa kinachopasuliwa bila mwisho. Ndege ilimruka Hakimu mapajani, naye akaidaka mabawa kwa mikono miwili, akaikumbatia. Ikawa inavuta kwenda mbele, na mbele yake, hatua chache tu, ameketi Mama Kahawa na mguu wake usiokunja. Aliweka viganja chini ajinyanyue. Havikumnyanyua. Akabaki anatazama lile duara la kijivu ambalo huwezi kuona ncha zake.

Rubani alikivuta kijiti cha mota chini, akakisukuma, akakivuta tena. Kila alipofanya hivyo, mkia wa ndege ulipanda na kushuka kwa adabu, na mota ikaendelea vilevile. Nilimwona usoni alipoelewa. Waya wa mota alikuwa ameuchomeka penye mkia, na wa mkia penye mota. Lakini kuelewa hakukumsaidia. Akili ilimruka, akanyoosha mkono juu ya pua ya ndege kuitafuta betri.

Sikuona lilivyomkata. Niliona damu ukutani kwangu.

Aliurudisha mkono kifuani, pamoja na rimoti, akavibana vyote kwa pamoja kama mtu anayekumbatia mtoto. Kidole gumba chake kikakiangukia kijiti cha kulia, kikakisukuma chini. Pangaboi likasimama.

Tukasikia Hakimu anavyohema.

— Usikiachie, alisema Nesi polepole, kwa sauti ambayo nadhani ndiyo anayowasemeshea wagonjwa. — Hicho hicho kilichopo chini ya gumba. Ukikiachia kinarudi katikati, na itawaka tena. Usijibu. Kaa hivyohivyo.

Damu ilikuwa inatiririka kutoka kiganjani, inashuka kwenye gumba lilelile, na springi inasukuma. Niliona gumba linateleza, anaendelea kulibana, linateleza tena. Nesi alikuwa amemshika Hakimu mabega kwa nyuma, maana mzee mikono ilikuwa inamtetemeka na ndege inatetemeka nayo. Aliyebaki na mikono mitupu nilikuwa mimi.

Nilipiga magoti. Ili kufika kwenye nyaya ilinibidi nipitishe mkono nyuma tu ya pangaboi, mahali ambapo kama lingewaka lingenichukua kifundo. Mikono hii hushika wembe shingoni kwa watu kila siku, na haijawahi kutetemeka. Siku hiyo niliitazama kama ya mtu mwingine.

— Waya upi? niliuliza.

Rubani aliangalia ndani ya tumbo la ndege yake mwenyewe. Midomo yake ilisogea.

— Sijui, akasema.

Niliomba mkasi. Nesi akanikataza, betri zile ukizikata nyaya zote mbili kwa pamoja hushika moto, na Hakimu angeshika moto nazo. Plagi ya betri ilikuwa imezama chini ya fundo, basi nikachagua waya mmoja, nikauvuta. Kibao cha bawa kikalegea. Sio huo. Nikavuta mwingine, haukutoka. Na hapo gumba likateleza.

Sauti ile ilinipitia juu ya mkono. Hakimu alipiga ukelele, ndege ikamburuta mpaka ukingo wa benchi, Nesi naye nyuma yake, na upepo ukapeperusha majivu ya jiko yakamjaa Mama Kahawa usoni. Sikufikiri. Nililishika fundo zima, tepu na yote, nikalivuta kama mtu anayeng'oa muhogo.

Kimya.

Sikujua nimechomoa nini. Nilikuwa nimeshika nyaya nyingi mkononi, na mkono ulikuwa wangu bado, na vidole vyake vyote.

Ilichukua muda kumfungua Hakimu vidole kwenye mabawa. Nesi alivinyoosha kimoja kimoja akimsemesha. Kisha akamfunga Rubani kiganja kwa taulo zangu, akamwambia atahitaji kushonwa lakini mshipa mkubwa umesalimika. Birika lilikuwa limepinduka, kahawa yote imenywewa na vumbi, na Mama Kahawa alikuwa anajipapasa goti lile kana kwamba ndilo lililomkosea. Hakimu hakutoa hukumu.

Ndipo mke wa Rubani alipokuja mbio na kanga begani, baada ya kusikia ukelele. Alitazama taulo, akatazama ukuta, akatazama ndege. Mumewe akamweleza kwa maneno machache, kwamba nyaya zilikuwa zimebadilishana mahali.

— Na ile ndege uliyomfungia kaka yangu? mkewe akauliza. — Ile aliyoipeleka leo shuleni kwake, akawaonyeshe wanafunzi wa bweni?

Mkewe alishatoa simu. Akabonyeza, akaweka sauti kubwa, tukaizunguka wote, hata Mama Kahawa alijivuta na kigoda. Iliita mpaka nikadhani haitapokelewa. Ilipopokelewa, kabla ya sauti ya kaka mtu tulisikia watoto, wengi, wakigombania kusogea karibu.

— Dada, nipigie baadaye, alisema. — Ndo nachomeka betri.

— Shemeji, acha, Rubani akasema. — Iweke chini. Watoe watoto nje.

Tukasikiliza. Kiti kikaburuzwa. Watoto wakanyamaza mmoja mmoja.

— Nimeiweka chini, akasema yule mwalimu. — Kwani ina nini?

Rubani akamtazama Nesi, Nesi akanitazama mimi. Nyaya zilikuwa bado mkononi mwangu. — Sijui, Rubani akaiambia simu. — Betri usiichomeke.