Pedi za Boksi, Pedi za Plastiki

MARETE: Haloo? Ni nani?

NDAMBIRI: Ndambiri. Fundi wa magari, Embu.

MARETE: Ah, fundi! Habari ya huko? Unataka spea gani leo—

NDAMBIRI: Wacha salamu. Zile pedi za breki uliniuzia Ijumaa, nilifungia pikapu ya dada yangu.

MARETE: Sawa...

NDAMBIRI: Cicily akishuka mteremko wa Thuci breki ikakataa kushika. Akaingia mtaroni. Mguu umevunjika mahali pawili.

MARETE: Woi. Pole. Lakini duka langu hapa Makutano ni orijino tupu. Si uliona boksi?

NDAMBIRI: Boksi ni orijino! Pedi zimesagika kama makaa! Uliweka takataka ndani ukafunga na gamu!

MARETE: Nani amekuambia—

NDAMBIRI: Ndani ya kifuniko kuna namba ya gari la padre nililotengeneza mwaka jana. Mwandiko wangu.

MARETE: [laini inakwaruza] Sikusikii.

NDAMBIRI: Unanisikia!

MARETE: Haya. Maboksi matupu ya gereji yako, nani huniletea na gunia? Si wewe?

NDAMBIRI: Ulisema ni ya kupangia taa!

MARETE: Na ukaamini? Mtu mzima?

NDAMBIRI: Nilikuamini.

MARETE: Tena Ijumaa nilikuwekea pedi zilizofungwa kwa plastiki hapa kwa kaunta. Plastiki ukishapasua, hakuna mtu anaweza kuifunga tena. Ukazisukuma. Ati plastiki ni ya vijiko, wewe unataka boksi.

NDAMBIRI: Ukanipa. Ukijua.

MARETE: Si uliitisha!

NDAMBIRI: Ulijua, Marete!

MARETE: Sikujua ni za dada yako.

NDAMBIRI: Kwani zingekuwa za nani?

MARETE: Sikiza. Ukienda polisi, mwandiko ni wako, maboksi ni yako, na ni wewe ulizifunga kwa gari. Tutaingia wawili.

NDAMBIRI: Najua.

MARETE: Basi tulia, uguza mgonjwa, mimi nita—

NDAMBIRI: Asubuhi Cicily ameniomba msamaha. Ati aliendesha vibaya, ameharibu kazi yangu.

MARETE: Ndambiri...

NDAMBIRI: Nimemwambia yote. Amenifukuza wodini. Sasa niko hapa kituoni, askari amefungua kitabu.

MARETE: Ngoja, bwana! Tuongee kama wana—

NDAMBIRI: Ananiita. Kwaheri.

MARETE: Ndambiri? Haloo? [simu imekatwa] Haloo!