Bati la Kwanza la Nyumba ya Mama

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja juu ya makreti mawili ya soda, kando ya bakala, duka dogo la Myemeni mmoja mtaani Al-Safa, Jeddah. Hakina mahali pake maalumu, maana kinafuata kivuli: adhuhuri kiko mlangoni pa bakala, alasiri kimeshahamia kwenye ukuta wa jengo linalojengwa jirani. Kila Ijumaa, mabosi wakishakula na kulala, madereva Wakenya wa majumba ya pale hutoka mmoja mmoja na kuja kukaa. Kahawa huletwa na Timothy, ambaye kijiweni anaitwa Mafi, kwa sababu ukimwomba chochote zaidi ya kahawa hukujibu kwa Kiarabu cha huko: mafi, hakuna. Danson wanamwita Wakili. Hajawahi kushinda kesi, ila hajawahi kunyamaza pia. Hezekiah ni Taratibu, na sababu anaijua kila aliyewahi kukwama nyuma ya gari lake. Ijumaa hiyo Taratibu alikuja amekumbatia picha kubwa ya fremu, na uso wake haukuwa wa mtu wa kutaniwa. Wakamtania hivyo hivyo.

— Leo umehama na ukuta wa bosi? Wakili akauliza.

— Kioo kimevunjika. Jioni naipeleka Balad, mji mkongwe, kwa fundi wa fremu. Nikiiacha kwa gari na hili jua, itajikunja.

Akaiegemeza ukutani. Ilikuwa picha ya zamani, rangi zake zimefifia, imepigwa kutoka kwenye ndege ndogo. Chini kulionekana boma la mkulima wa Kimarekani, huko Iowa: nyumba nyeupe ya mbao, ghala jekundu, mnara wa nafaka, safu ya miti ya kuzuia upepo, na nguo zimeanikwa kwenye kamba. Uani alisimama mwanamke, kiganja juu ya macho, anatazama juu.

Hezekiah akawaeleza kama alivyoelezwa na baba wa nyumba anayofanyia udereva. Mzee huyo alisomea kilimo huko Marekani ujanani, na kila likizo alikaa kwa familia hiyo. Enzi hizo kulikuwa na watu waliozunguka na ndege juu ya mashamba wakipiga picha, halafu wanakuja kubisha hodi kumuuzia mwenye boma sura ya kwake mwenyewe.

— Hiyo ni ya kuambiwa watoto, Wakili akasema. Hao walikuwa wa kodi. Wanahesabu ng'ombe kwa juu ndio usiwafiche msituni.

— Ng'ombe wako wapi hapo? Mafi akauliza.

— Si ndio nakwambia. Wameshafichwa.

— Wacha hizo, Mafi akasema. Angalia huyo mama. Huyo si mwenye nyumba. Mwenye nyumba hawezi kusimama hivyo kwake. Huyo ni mfanyakazi, anaangalia ndege anajiuliza lini na yeye atapanda moja arudi kwao.

— Buda, Wakili akasema, huyo bwana yake ndiye rubani. Angalia kamba vizuri. Umeona suruali hata moja? Jamaa amebeba suruali zake zote akaruka. Mama anamwangalia hivi akienda.

Mafi akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Hezekiah hakucheka. Alikuwa akimtazama yule mwanamke tangu asubuhi, tangu alipoishusha picha ukutani.

— Na hao watu bado wako hapo? Mafi akauliza.

— Mzee alirudi kuwatafuta. Alikuta nyumba hakuna, ghala hakuna, hata ile miti waling'oa. Mahindi tu, kutoka barabara hadi barabara. Aliniambia halas, yamekwisha, akaniambia nipeleke picha haraka na nisiipoteze.

Ndipo Hezekiah akatoa lililokuwa likimsonga. Leo, saa hizi hizi, kwao Vihiga, mdogo wake Jackton alikuwa anabomoa nyumba ya mama.

— Si mama alishafariki? Wakili akauliza, safari hii kwa upole.

— Alishafariki. Ukuta umepasuka, mchwa wamekula nguzo, watoto wa Jackton wanachezea humo. Anaogopa mvua ikianza itawaangukia. Simlaumu. Anataka kujenga ya mawe pale pale. Lakini kwetu nyumba ya mama haibomolewi mpaka kifungua mimba aondoe bati la kwanza kwa mkono wake. Na kifungua mimba ni mimi.

Hakuhitaji kueleza kwa nini hakwenda. Wote wanaendeshwa na ruhusa ya kafili, bosi aliyewadhamini kuingia nchini. Mama alipofariki ruhusa ya Hezekiah ilichelewa, akamzika kwa simu, amekaa ndani ya gari nje ya shule ya watoto wa bosi, anaangalia jeneza likishuka huku mlinzi akimgongea dirisha asogeze gari. Jambo hilo hajalisamehe bado, na hajui amlaumu nani.

— Una picha ya hiyo nyumba? Mafi akauliza.

— Mafi, Hezekiah akajibu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka. Nani alikuwa anapiga picha nyumba? Tulipiga watu, tena Krismasi, na nyuma ni maua ya majirani.

Akafungua ramani kwenye simu, ile inayoonyesha dunia kutoka juu, akaisogeza mpaka kwao. Picha ya satelaiti haikuwa mpya. Paa la mama lilikuwa bado lipo, lina kutu upande wa jikoni. Mbele ya mlango palikuwa na kitu cheupe, na kando yake kidoti cheusi.

— Hicho cheupe ni turubai, Hezekiah akasema. Anaanika mahindi. Na hicho kidoti ni yeye.

— Hicho ni ng'ombe, Wakili akasema.

— Ng'ombe karibu na mahindi ya mama yangu? Humjui.

— Basi ni pipa la maji.

— Pipa lilikaa nyuma.

— Taratibu, hata kama ni mtu, anaweza kuwa mtu yeyote.

— Ni yeye, Hezekiah akasema. Kuku walikuwa wakiyaparamia, hakuwa na msaidizi. Alikaa hapo mchana kutwa.

Wakili, ambaye hajawahi kumwachia mtu hoja, akaiachia hiyo. Badala yake akaanza kutafuta njia. Kisheria, akasema, mkono ni mkono. Kama maiti huzikwa kwa simu na watu wakapokea rambirambi, basi hata bati linaweza kung'olewa kwa simu. Kinachotakiwa ni bati. Hezekiah anyanyue bati huku, na dakika hiyo hiyo fundi ang'oe kule. Saa za Jeddah na za Vihiga si ni zile zile?

— Na bati tutalitoa wapi Jeddah? Hezekiah akauliza.

Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, Mafi hakusema mafi. Alizunguka nyuma ya jengo linalojengwa, akarudi anakokota kipande cha bati kilichopinda, kimetupwa na mafundi. Lilikuwa la moto hata haligusiki. Hezekiah akalishika kwa kitambaa cha kufutia gari. Alijua wanavyoonekana, wanaume wazima watatu na bati la jalalani, lakini alishukuru kiasi cha kutaka kulia.

Jackton akapiga kwa video. Kwenye simu, ambayo Wakili aliishika, ilionekana ngazi, Jackton chini yake, na juu ya paa fundi Wesley ameshika nyundo, akiitazama simu ya Jackton iliyotundikwa mtini.

— Kaka, shikamoo. Uko tayari?

— Marahaba. Niko tayari. Nikiinua mkono, Wesley aanze.

— Sawa kaka. Pole.

Hapo ndipo alipotokea Roselyne. Ni mgeni mtaani, ameletwa karibuni kufanya kazi nyumba ya mkabala, na madam alikuwa amemtuma maziwa bakalani. Kusikia Kiswahili tu akasimama.

— Hamjambo kina kaka. Kwani mnafanya nini na hiyo mabati?

Wakili akamweleza kwa kifupi, na kwake kifupi hakikuwa kifupi. Roselyne akasikiliza mpaka mwisho, pakiti ya maziwa kifuani.

— Poleni sana. Na wewe kaka, akamwuliza Hezekiah, una nyumba yako huko kwenu?

— Nilikuwa na kibanda cha ujana. Kilianguka zamani. Mke naye alishaenda zake. Likizo zote nilikuwa nafikia kwa mama.

— Sasa ukirudi utafikia kwa nani?

Aliuliza bila ubaya, kama mtu anavyomuuliza msafiri. Hezekiah akamtazama Wakili, na Wakili akatazama chini. Mafi akajishughulisha na kufunga chupa ya kahawa iliyokuwa imefungwa tayari. Kwenye simu Jackton alikuwa amesikia kila neno, maana aligeuza uso upande wa shamba.

Jasho lilimwingia Hezekiah machoni, au halikuwa jasho. Akaachia bati, akainua mkono wenye kitambaa ajifute.

Juu ya paa Wesley akaona mkono umeinuka. Msumari wa kwanza ukalia.

— Kaka? Jackton akaita. Tuendelee?

Hezekiah angeweza kusema ngoja. Alikaa kwenye ubao, kitambaa usoni, akasikiliza misumari ya nyumba ya mama yake ikitoka mmoja baada ya mwingine.