Jina Lililochelewa Njiani: Kumbukumbu ya Papa Athanase

Wasikilizaji wapendwa, popote redio yenu ilipo, jikoni au shambani, karibuni. Leo tunamkumbuka Papa Athanase wa Kitshanga, fundi wa mitandao. Alizikwa Jumanne.

Alizaliwa Butembo. Kaka zake waliendesha malori. Yeye alipenda waya. Mwaka 2007, wakati wa vita, alifanya kazi kwenye ofisi ya kutafuta watu waliopoteana. Alifunga mashini mbili za kupeleka ujumbe, moja Kitshanga na moja Itebero, huko msituni Walikale. Ziliunganishwa kwa njia mbili: moja ya kukodi, iitwayo frame relay, na nyingine ya satelaiti. Kila Ijumaa, Itebero ilituma majina ya wakimbizi.

Lakini majina hayakufika. Orodha ilikatika kila mara.

Na Papa Athanase alikuwa na jina moja alilokuwa akilingoja. Mke wake, Joséphine-Marie, alikwenda kumuuguza mama yake Walikale, vita vikafunga barabara. Papa akabaki peke yake na binti yao mdogo, Kétsia.

Alijaribu njia. Alituma salamu fupi, ikafika Itebero na jibu likarudi. Akaandika kwenye daftari: njia ni nzima. Majuma saba aliandika hivyo, wasikilizaji. Majuma saba!

Juma la nane akatazama débit, yaani kipimo cha mzigo ambao njia inaweza kubeba. Mashini ilionyesha 1544. Ile frame relay yenyewe ilibeba 64 tu. Ile 1544 ilikuwa namba iliyowekwa kiwandani. Mashini haipimi, inaamini ilichoandikiwa. Kwa hiyo ikadhani hiyo ndiyo njia pana zaidi, na mizigo yote ikasukumwa kwenye njia nyembamba, na njia pana ya satelaiti ikakaa bure. Salamu ilipita. Orodha ilikwama. Na aliyesahau kubadilisha namba ile ni yeye mwenyewe.

Akaandika 64 kwenye mashini zote mbili. Orodha zote, hata za majuma yaliyopita, zikageukia satelaiti, zikafika nzima. Majina mia nne na kumi na mawili. La Joséphine-Marie lilikuwa kwenye orodha ya juma la kwanza.

Akaita Itebero kwa fonia, ile redio ya kuzungumzia. Mama Constance, karani wa huko, anakumbuka alivyomjibu: "Papa, bibi yako alingojea jibu juma tano. Akasema, pengine bwana na mtoto bote balikufa. Akafwata batu benye balikuwa banaenda Omate, mbali ndani ya pori."

Joséphine-Marie hakuonekana tena.

Maji yakimwagika hayazoleki. Papa Athanase hakuoa tena. Kétsia anasimulia: "Kila siku namuuliza, 'Papa, uko bien, uko mzima?' Anajibu, 'Niko bien.' Miye naamini. Baada ya maziko nikafungua valizi yake ya nguo. Ilijaa maliste ya majina ya Ijumaa, ya miaka yote. Kando ya kila jina alitia alama kwa kalamu ya krayo, akimtafuta mama. Hakuniambia hata siku moja."

Inaniuma, wasikilizaji. Nilipita mbele ya mlango wake mara ngapi? Nilimsalimu, akaitikia, nikaenda zangu. Salamu fupi hupita hata kwenye njia iliyolemewa. Leo ukimuuliza jirani habari zake, akasema nzuri, usiondoke. Kaa. Muulize tena.

Pole, dada Kétsia. Poleni, ndugu wa Butembo. Mungu ampokee fundi wetu.

Na wewe Mama Joséphine-Marie, kama uko mahali unatusikia: mume wako na Kétsia hawakufa siku zile. Walikuwa wanakutafuta. Jina lako lilichelewa, mama, lakini lilifika.