Kona Moja na Birika Lililotutangulia

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuongoza wageni katika msitu huu, ndugu yetu Kona Moja anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Mwandishi wa wasifu huu amepewa ukurasa mmoja na kuagizwa aandike mambo yanayoeleweka. Atajitahidi, ingawa yaliyotokea wiki iliyopita bado hayajamkaa sawa kichwani.

Aliajiriwa akiwa kijana mwembamba, kofia ya kazi ikimfunika mpaka masikioni. Alitakiwa kupeleka wageni kwenye maporomoko ya maji ambayo njia yake, wakati ule kama sasa, ilijulikana na wenyeji tu. Kuwauliza hao wenyeji aliona aibu. Basi akaingia msituni na kundi lake la kwanza, akapinda kulia, akapinda kushoto, akavuka kijito, akakivuka tena, na baada ya kama saa mbili akatokea maporomokoni. Wageni wakampigia makofi. Tangu hapo, hiyo ndiyo ikawa njia.

Ni njia nyepesi. Hata mhasibu wetu, ambaye hupumzika katikati ya ngazi za ofisi, ameimaliza. Kila aliyeuliza kama bado ni mbali alijibiwa kwamba imebaki kona moja tu, na ndivyo jina lilivyomganda. Hajawahi kupoteza mgeni. Safari moja alirudi na mmoja wa ziada, na mpaka leo hatujui alitokea wapi.

Fumbo letu kubwa lakini lilikuwa mkewe, mpishi wa kantini, ambaye sote tunamwita Shemeji. Kundi likiondoka langoni humwacha jikoni akimenya vitunguu. Likifika maporomokoni humkuta ameketi juu ya jiwe, birika linafuka moshi. Njiani hakuwahi kutupita. Dereva alishikilia kwamba Shemeji ana pikipiki ameificha mahali. Mhasibu alisema kuna mambo mengine si ya kuulizia. Kona Moja mwenyewe alijibu kwa fahari kwamba mkewe ana mwendo. Shemeji akiulizwa, hucheka na kuuliza kama chai ina sukari ya kutosha.

Mwaka huu goti la kushoto la ndugu yetu liligoma, na daktari akamkataza matembezi marefu. Kwa mwingine lingekuwa jambo dogo. Kwake lilikuwa na maana kwamba hatayaona tena maporomoko yake. Alituambia hivyo kantini, ameinamia kikombe, na tulihuzunika sana.

Wiki iliyopita aliomba ruhusa aongoze kundi moja la mwisho, yaani sisi wafanyakazi wenzake. Tulikwenda pole pole, lakini kwenye kivuko cha pili goti likakataa kabisa. Akaketi kwenye gogo, akatuambia tutangulie, imebaki kona moja tu. Tukatazamana. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kona yenyewe iko upande gani! Miaka yote tulikuwa tukicheka visa vyake badala ya kuangalia tunakokwenda. Dereva akasema kulia, mhasibu akasema kushoto, mwandishi akasema yote mawili. Mwishowe tukamshika mkono huku na huku, tukamrudisha kantini.

Jikoni Shemeji hakuwepo, wala birika. Mara akachomoza nyuma ya stoo ya kuni, kwenye kichaka ambacho siku zote alituonya kwamba kina nyuki, akifoka kwa nini chai yake imeachwa ipoe. Kisha akauona uso wa mumewe. Akaweka birika chini, akamshika mkono na kumwingiza kichakani. Tulifuata tumejifunika vichwa kwa mashati. Nyuki hawakuwepo. Palikuwa na kijia tambarare, kimefagiliwa, na kabla mhasibu hajaanza kuhema tulikuwa mbele ya maporomoko. Harufu ya vitunguu vya kantini ilitufikia pale pale. Miaka yote tulidhani ni njaa.

Kona Moja akatazama maji, akatazama kichaka, akamtazama mkewe. Shemeji akaeleza kwamba njia hiyo wenyeji wote wanaijua, na kwamba alikusudia kumwambia tangu siku ile ya kwanza, wakiwa bado wachumba. Ila mwenzake alirudi na furaha kubwa mno ya kugundua njia yake, akaona amwache nayo. Ndugu yetu alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka. Tuliokuwepo hatujakubaliana.

Ameomba wageni waendelee kupelekwa kwa njia ndefu. Kofia yake amekabidhiwa mwandishi wa wasifu huu, ambaye mpaka sasa anazijua kona mbili tu, na hana hakika na ya pili.

Kaka yetu, asante kwa kutupitisha kwingi na kutufikisha. Tunakutakia miaka mingi yenye afya, kivuli na goti linalosikia dawa. Tutakapofika na wageni wetu, tumetoka jasho, tunajua tutakukuta umeketi juu ya jiwe pembeni ya Shemeji, kikombe mkononi. Wakikuuliza ulipitia wapi, tafadhali waulize kama chai ina sukari ya kutosha.